Pointi za Koleo: MYSA ya Mathare Inapoelekea Miaka 40

Katika ligi ya watoto ya Mathare, Nairobi, timu inaweza kufungwa Jumamosi na bado ikapanda kwenye msimamo. Timu ikitoka na makoleo, reki na toroli ikazibua mtaro wa zamu yake, inaandikiwa pointi 6, nyingi kuliko za ushindi wa mechi moja. Timu yenye washambuliaji hodari lakini isiyoonekana siku ya usafi itafunga mabao yake yote na mwisho wa msimu itajikuta katikati ya jedwali. Kanuni hiyo ina umri unaokaribiana na wa taasisi iliyoitunga, Mathare Youth Sports Association, ambayo Nairobi nzima inaiita MYSA tu. Ilianza 1987. Mwaka 2027 itatimiza miaka 40.

Msomaji wa Rombo, Kilimanjaro, atauliza mambo ya Mathare yanamhusu nini. Kwanza, sisi ni watu wa mpakani. Kutoka Mkuu, Tarakea ya mpakani ni karibu kuliko Moshi mjini, na ni familia chache hapa zisizo na shangazi au binamu anayehangaikia riziki Nairobi. Pili, kwetu vikundi vya michezo vya vijana huzaliwa kila mwaka na kufa kabla havijapata hata muhuri. Mgombea huleta seti ya jezi na mpira mmoja, picha hupigwa, mpira hupasuka, jezi hugawanywa, kikundi husahauliwa hadi uchaguzi mwingine. Taasisi ya michezo ya watoto maskini iliyodumu kizazi kizima, ikapita katika fedha nyingi za wageni na migogoro ya kila aina, inastahili kuangaliwa kwa makini, hasa katika yale yasiyopigwa picha: nani anachagua nani, fedha inaingia kwa mlango gani, na nani ana haki ya kuuliza imekwenda wapi.

Mathare ni bonde kaskazini mashariki ya katikati ya Nairobi, lenye mto mchafu chini na machimbo ya mawe ya zamani kandokando. Katika miaka ya 1980 baraza la jiji halikuwa na habari na taka za huko, kwa sababu kwenye vitabu vyake mtaa wenyewe ulikuwa kama haupo. Watoto walicheza mpira wa juala, ule wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba, bila refa na bila ratiba. Bob Munro, Mkanada aliyefanya kazi Nairobi kama mshauri wa Umoja wa Mataifa katika mambo ya mazingira na maendeleo, aliwaona, wakazungumza, na ligi ikaanza.

Hadithi hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba mgeni ndiye aliyeleta mpira Mathare. Mpira ulikuwepo. Waliocheza walikuwepo, na vipaji vilikuwepo. Kilicholetwa ni sharti: ukifanya kitu, MYSA nayo itafanya kitu, usipofanya, nayo haifanyi. Mtoto akitaka refa, ratiba na mpira wa ngozi, timu yake ichukue koleo. Sharti kali kwa mtoto wa miaka 12 ambaye hana viatu, na wapo waliolilaumu: kwa nini watoto maskini wafanye kazi ambayo jiji linatozea watu kodi? Hoja hiyo ina uzito, na sidhani kama imewahi kujibiwa sawasawa. Lakini sharti hilo lilikuwa na tunda jingine ambalo halikuonekana mwanzoni.

Sisi wa Kilimanjaro tunalijua tunda hilo kupitia kahawa. Wakulima wa mlima huu walianzisha chama chao, KNPA, mwaka 1925, na 1933 ukaja muungano wa vyama vya ushirika, KNCU. Katika vyama vya msingi mkulima alisimama mkutanoni akamuuliza katibu habari ya mizani na malipo ya pili, akijua kwamba kahawa iliyopimwa ni yake. Haki ya kuuliza ilitoka kwenye gunia. Vyama vikuu vilipofutwa na serikali mwaka 1976, kilichouma zaidi ya fedha ni kwamba mkulima alibaki na gunia lakini akakosa mkutano wa kulisemea, hadi vyama viliporudishwa katika miaka ya 1980. Sasa mtoto wa Mathare hana kahawa. Fedha za chama chake zinatoka kwa watu wa mbali asiowajua. Angesimama mkutanoni kwa mamlaka gani? Kwa mamlaka ya koleo. Usafi ukawa hisa yake. Mwenye hisa huwezi kumwambia anyamaze kwa kuwa amesaidiwa.

Na mikutano ilikuwepo kweli. MYSA iligawa eneo lake katika kanda, ambazo zilifika 16. Timu za kanda huchagua viongozi wao wa michezo na wa huduma kwa jamii. Viongozi wa kanda huingia katika baraza la michezo na baraza la huduma. Na kutoka humo hupatikana baraza kuu. Wanaochaguliwa si wazee wa mtaa wala wastaafu wenye muda, ni vijana wenyewe, wengi wao wa umri wa sekondari. Binti wa miaka 15 aweza kuwa mwenyekiti wa kikao kinachoamua uwanja upi utumike na timu ipi inyang'anywe pointi kwa kudanganya umri wa wachezaji. Anayefikiri hilo ni jambo dogo hajawahi kukaa kwenye kikao cha rufaa ya umri.

Kuna kadi ya kijani pia. Refa wa MYSA hubeba ya njano na nyekundu kama marefa wote, na ya tatu ya kijani, ya kumpa mchezaji aliyeonyesha nidhamu na uungwana kuliko wenzake. Kadi hiyo ina thamani halisi kwa sababu inaingia katika hesabu ya tuzo za uongozi. Kijana hujikusanyia pointi kwa kufundisha timu ya wadogo, kupuliza filimbi, kusimamia usafi na kufanya kazi za chama. Wenye pointi nyingi mwisho wa mwaka hulipiwa karo. Fedha hupelekwa shuleni kwake. Haipiti mkononi mwa mtoto, wala mwa kocha, wala mwa mjomba mwenye shida ya dharura. Kabla ya serikali ya Mwai Kibaki kufuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, tuzo hiyo ilikuwa ndiyo tofauti kati ya kusoma na kuacha, na kwa sekondari iliendelea kuwa hivyo baadaye. Wasimamizi wa mifuko ya elimu wa huku kwetu, ambao hutoa fedha taslimu mbele ya kamera, wangeweza kuuiga utaratibu huu bila kutafuta mfadhili yeyote.

Mpira wa wasichana ulichelewa hadi 1992, miaka 5 nzima, na ugumu haukuwa uwanjani. Mwaka 2002 shirika la Population Council lilichapisha ripoti ya Martha Brady na Arjmand Banu Khan kuhusu wasichana wa MYSA, na ukiisoma utawatambua mama zetu: nani atachota maji, nani atambeba mdogo, nani atapika, na mtoto wa kike anatafuta nini nje jua likizama? Viongozi walilazimika kupita nyumba kwa nyumba kuzungumza na wazazi. Ratiba ikapangwa ili wasichana wafike nyumbani kabla ya giza. Wadogo waliobebwa mgongoni wakaletwa uwanjani. Kisha likaja suala zito zaidi, la viti. Kucheza ni jambo moja na kupiga kura ya bajeti ni jingine, na MYSA iliona kwamba bila kanuni ya kuwahakikishia wasichana nafasi katika uongozi, wavulana wangeendelea kuamua nani apewe uwanja mzuri saa ya jua zuri. Kanuni ikawekwa. Vyama vingi vya michezo Afrika Mashariki vyenye katiba nzuri za kurasa 40 bado havijafika hapo.

Sasa fedha.

Mwaka 1990 timu ya Mathare ilipanda ndege kwenda Oslo kucheza Norway Cup, mashindano makubwa ya vijana yanayofanyika tangu 1972 kwenye uwanja wa Ekeberg. Ilikuwa safari ya michezo, lakini kwa upande wa fedha ndiyo safari muhimu kuliko zote katika historia ya chama. Watoto hawa walirudi Oslo tena na tena, wakarudi nyumbani na vikombe, na Wanorwei wakawapenda. Nyuma ya mapenzi hayo ilifuata misaada: Strømme, taasisi ya misaada ya huko, na Norad, shirika la serikali ya Norway la ushirikiano wa maendeleo. Baadaye Waholanzi wakaingia, na wengine baada yao. Ndani ya miaka 10 hivi, ligi iliyoanza kwa mipira na filimbi ikawa na ofisi, wafanyakazi wa mshahara, magari ya kubeba taka na wakaguzi wa hesabu.

Tuzo nazo zikafuatana. Mwaka 1992 UNEP, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, iliipa MYSA tuzo yake ya mazingira ya Global 500. UNEP yenyewe ina makao Gigiri, mji uleule, upande wa pili wa maisha. Mwaka 2003 ikaja tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi, na 2004 tuzo ya Laureus ya michezo kwa manufaa ya jamii. Ilipendekezwa pia kwa Nobel ya Amani. Sitakaa sana hapa. Tuzo hupamba ukuta wa ofisi, ila hailipi deni la maji.

Lililo la kukaa nalo ni namna fedha ya mfadhili inavyobadilisha swali. Mwanzoni swali la chama ni: watoto wanataka nini? Baada ya andiko la mradi la tatu swali linakuwa: mfadhili anafadhili nini mwaka huu? MYSA ilianza elimu ya UKIMWI mwaka 1994, wakati vifo vilikuwa vimeingia kila ploti ya Mathare, na hapo haikuwa imetumwa na mtu. Makocha walikuwa wanazika. Lakini kufikia miaka ya 2000 fedha za UKIMWI zilikuwa nyingi na kila chama cha mpira kiligundua ghafla kwamba nacho kina somo la UKIMWI. Mwaka 2001 ulizaliwa mtandao wa Kicking AIDS Out, MYSA ikiwa miongoni mwa waasisi kwa msaada wa Norway. Mwaka huohuo Dar es Salaam ikaanzishwa EMIMA, yaani Elimu, Michezo na Mazoezi, iliyowatumia makocha vijana kufundisha wenzao wa mitaani, na kazi yake ilipimwa na kuandikwa na wanazuoni, akiwemo Cyprian Maro. Yapo mema mengi yaliyotoka humo. Hata hivyo chama kinachopangiwa ajenda na msimu wa fedha hujikuta na idara ambayo haina tena mfadhili na wafanyakazi wasiojua waende wapi. MYSA ilionja hilo kama wengine. Iliweza kuhimili kwa sababu chini ya idara zote ilibaki ligi, na ligi haihitaji andiko la mradi. Inahitaji refa, mpira na timu zilizokwisha kufanya usafi.

Kadiri chama kilivyokua, kikabeba mizigo mingi. Baadhi naipita haraka: maktaba ya watoto wasio na mahali pa kusomea, kazi ya michezo katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma kuanzia 1999, pamoja na UNHCR na Waholanzi, mradi wa upigaji picha wa Shootback ulioanza 1997 chini ya Lana Wong, ambapo watoto walipewa kamera ndogo wakapiga maisha yao wenyewe, na 1999 picha zikawa kitabu. Mwaka 2010, FIFA ilipokuwa inajenga vituo 20 vya Football for Hope Afrika kuadhimisha Kombe la Dunia la Afrika Kusini, kimojawapo kilijengwa Mathare. Wanachama walizidi 20,000.

Lakini mzigo mmoja siwezi kuupita, nao ni Mathare United.

Klabu hiyo ilianzishwa 1994 ili vijana waliokulia katika ligi ya watoto wapate pa kwenda. Mwaka 1998, ikiwa bado haijaingia ligi kuu, ilitwaa Moi Golden Cup, ikaliweka kabatini tena mwaka 2000, na 2008 ikawa bingwa wa Kenya chini ya Francis Kimanzi. Dennis Oliech, mshambuliaji aliyetamba Ufaransa, alipita hapo. Wachezaji wa timu ya kwanza walitakiwa kutoa saa zao kila mwezi kufundisha wadogo na kufanya kazi za mtaa. Mtu aliyefunga bao televisheni Jumapili, Jumanne yuko uwanja wa vumbi na watoto wa miaka 10. Kwangu hilo ni zuri kuliko kombe lenyewe.

Klabu ilikijengea chama heshima, na pia ilikiingiza kwenye vita ambavyo ligi ya watoto isingevijua. Mathare United na Munro, mwenyekiti wake wa muda mrefu, walisimama mstari wa mbele kupinga uendeshaji mbovu wa shirikisho la soka la Kenya, KFF, na kudai ligi imilikiwe na klabu zenyewe. Mwaka 2003 ikasajiliwa kampuni ya ligi kuu, klabu zikiwa wanahisa. FIFA iliifungia Kenya 2004, na tena 2006, katika vurugu za miaka hiyo ya mabaraza mawili, kamati za mpito na kesi mahakamani. Watu waliojifunza uchaguzi na hesabu katika kanda za Mathare walijaribu kuufikisha utaratibu huo ngazi ya taifa, na kwa miaka kadhaa ulifanya kazi: ligi ilipata mdhamini, televisheni ikaja.

Kisha mlango mmoja ukafungwa, na mwingine. SuperSport, kampuni ya televisheni iliyorusha mechi za ligi, ilijitoa 2017. Agosti 2019 SportPesa, kampuni ya kubashiri iliyobeba jina la ligi, ilikatisha udhamini baada ya kugombana na serikali kuhusu leseni na kodi. Januari 2021 shirikisho jipya, FKF, liliisimamisha Mathare United pamoja na klabu ya Zoo kwa kukataa mkataba wa matangazo wa StarTimes. Klabu ikarudishwa, lakini mfuko ulikuwa umekauka. Zilikuja mechi za kutofika uwanjani, na mwishowe ikashuka daraja. Haikurudi ligi kuu hadi msimu wa 2024/25.

Wapo wanaosema haki ilikuwa upande wa Mathare katika mgogoro ule wa mkataba, kwamba klabu haiwezi kulazimishwa kutia saini mauzo ya mali yake. Nakubaliana nao kwa kiasi. Lakini msimamo wa haki unahitaji akiba, na klabu haikuwa nayo. Ligi ya watoto haikuingia katika mgogoro huo. Yule binti wa miaka 15 na kikao chake cha rufaa hawakuwa na mkataba wa matangazo wa kugombania. Hapo ndipo unaona hekima ya kutenganisha vitabu vya hesabu vya klabu ya kulipwa na vya chama cha watoto. Pasipo ukuta huo, deni la mshahara wa kipa lingelipwa kwa karo ya mtoto wa kidato cha pili.

Mbegu ilienda mbali pia. Kilifi, pwani ya Kenya, Sarah Forde alianzisha Moving the Goalposts mwaka 2001 kwa ajili ya wasichana peke yao, akiwa ameona kilichofanyika Mathare. Nako wasichana huchagua kamati zao na kusimamia ligi zao wenyewe. Ukiwakuta wasichana wa Kilifi wakipanga ratiba chini ya mwembe, wakibishana kama mechi iahirishwe kwa sababu timu moja ina mitihani, utaelewa kwamba kilichonunuliwa kwa fedha zote zile za Oslo na The Hague si nyavu na magoli.

Swali lililobaki Mathare ni lile la kila taasisi yenye mwanzilishi mashuhuri: jina la mwanzilishi lilifungua milango ya wafadhili kwa miaka 30 na zaidi, je, milango hiyo itamjua mwenyekiti wa baraza kuu aliyechaguliwa mwaka jana na ambaye mama yake anauza mboga mtaani Huruma? Sheria mpya ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa Kenya 2013 na kuanza kutumika Mei 2024, inadai uwazi zaidi wa hesabu na uongozi, na kwa chama kilichozoea kupiga kura tangu utotoni hilo lisiwe kazi ngumu. Ugumu upo kwingine. Wanorwei wa leo si wale wa 1990, fedha za misaada zinapungua kila upande, na wafanyabiashara wa Nairobi, ambao ndio majirani wenye uwezo, bado wanaona rahisi zaidi kudhamini mbio za siku moja zenye fulana kuliko kulipia mipira na marefa kwa miaka 5 mfululizo.

Sherehe ya 2027 itakuwa na mabango na wageni, na Munro atatajwa, kama anavyostahili. Kama mimi ningepewa kupanga viti, ningewakalisha mstari wa mbele waweka hazina wote wa kanda waliowahi kuchaguliwa, wengi wao sasa ni baba na mama wa watoto wanaocheza ligi hiyohiyo, kila mmoja na daftari lake la mapato na matumizi, na ningewaomba wageni wa Rombo watakaofika wakae nao angalau saa moja kabla hawajakwenda kuangalia fainali.